Kama Kura Ingekuwa Yangu: Oscar za 1995

Haya jamani, tuweke mashairi pembeni kidogo, leo tuongee picha. Nimechagua mwaka mmoja tu: Oscar zilizotolewa tarehe 27 Machi 1995, yaani za filamu za mwaka 1994. Nimeuchagua makusudi. Kwanza, kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la banda la video anaufahamu mwaka ule hata kama hajui kwamba anaufahamu. Forrest Gump, Pulp Fiction, The Shawshank Redemption, The Lion King, zote za mwaka mmoja! Pili, imepita miaka zaidi ya 30, hasira za mashabiki zimepoa, tunaweza kubishana bila kurushiana viatu. Tatu, na hili ndilo linalotuhusu mimi na wewe tunaohangaika na kalamu: sijaona mwaka mwingine unaoonyesha wazi namna hii kwamba orodha ya wateule ni karatasi ya majina, na kwamba mwenye kazi anaweza kabisa asiwemo.

Sheria ya mchezo wangu ni hii. Kila tuzo nitakayoigusa nitaitazama mara mbili. Kwanza kama mtabiri. Tujifanye ni jioni ya tarehe 26 Machi 1995, bahasha bado zimefungwa: nani ataondoka na sanamu? Kisha kama mkosoaji: kura ingekuwa yangu, ningempa nani? Vijana wengi wanavichanganya vitu hivi, wanatabiri kwa mapenzi halafu wanalia wameibiwa. Mtabiri anawasoma wapiga kura, mkosoaji anaisoma picha. Najua utaniambia, "Bwana wee, kutabiri mvua ya jana kuna ujanja gani?" Sawa, cheka. Mimi nataka tuione njia tu.

Tuanze na Picha Bora. Siku hizi wanateuliwa kumi, lakini wakati ule walikuwa watano tu: Forrest Gump, Pulp Fiction, The Shawshank Redemption, Quiz Show na Four Weddings and a Funeral. Wateule walitangazwa tarehe 14 Februari, na mtu mwenye kichwa kilichotulia angeweza kuchana majina mawili kabla chai haijapoa. Kwa nini? Angalia upande wa waongozaji. Mike Newell wa Four Weddings hakuteuliwa. Frank Darabont wa Shawshank hakuteuliwa. Nafasi zao walichukua Woody Allen, kwa Bullets over Broadway, na Krzysztof Kieślowski wa Poland, kwa Three Colours: Red. Kwenye uteuzi kila fani inachagua watu wake: waongozaji wanateua waongozaji, waandishi wanateua waandishi, wachezaji wanateua wachezaji. Picha Bora ndiyo inateuliwa na wote. Kwa hiyo picha ikipendwa na umma wa wanachama lakini waongozaji wenyewe wakaipita kimya, ujue ina ufa. Ni nadra sana picha ya namna hiyo kushinda. Driving Miss Daisy ilifanikiwa mwaka 1990, baadaye sana wakaja Argo mwaka 2013, Green Book mwaka 2019 na CODA mwaka 2022. Mwaka 1995 mtabiri asingeweka shilingi yake hapo.

Wamebaki watatu. Quiz Show ya Robert Redford, kuhusu udanganyifu wa mashindano ya maswali kwenye televisheni ya Marekani miaka ya 1950, ilikuwa na nafasi nne tu za uteuzi. Pulp Fiction ilikuwa na saba, pamoja na sifa ya kutwaa Palme d'Or kule Cannes mwaka 1994. Forrest Gump ilikuwa na 13! Juu ya hapo Robert Zemeckis alikuwa ameshapewa tuzo ya chama cha waongozaji, na anayepewa ile ni mara chache sana kukosa Oscar. Hapo hakuna kasheshe. Gump. Na ndivyo ilivyokuwa: sanamu sita, zikiwemo za picha, mwongozaji na mchezaji bora wa kiume.

Sasa nivue kofia ya mtabiri. Mimi nisingeipa.

Wala siichukii. Nani atakayemchukia Tom Hanks amekaa kwenye benchi la kituo cha basi na kiboksi cha chokoleti? Picha inachekesha, inaliza, na ule ujanja wa kumbandika Gump ndani ya filamu za zamani akapeana mkono na marais ulikuwa mpya kabisa enzi hizo. Tatizo langu liko ndani ya hadithi. Tazama nani anazawadiwa na nani anaadhibiwa. Gump haulizi swali lolote. Anaambiwa kimbia, anakimbia. Anaambiwa nenda Vietnam, anakwenda. Anapata medali, anapata utajiri, anapata mtoto mwenye akili. Jenny ndiye anayeuliza. Anamkimbia baba anayemtesa, anaingia kwenye maandamano, anatafuta maisha yake kwa gitaa. Yeye anapata kipigo, madawa, na mwishoni ugonjwa usiotajwa jina. Bubba je? Kijana mweusi mwenye ndoto ya biashara ya kamba anafia vitani mikononi mwa Gump, halafu ndoto yake inamtajirisha Gump. Ni kweli familia ya Bubba inaletewa fungu lake, lakini steringi ni yule yule.

Na hapa mwandishi chipukizi ategeshe sikio. Katika riwaya ya Winston Groom ya mwaka 1986, ambayo picha hii imetoka humo, Jenny hafi. Anaolewa na mtu mwingine, maisha yanaendelea. Gump wa kitabuni ni pande la mtu, mdomo wake mchafu, hata angani anarushwa, tena pamoja na orangutani! Aliyemsafisha Gump na kumzika Jenny ni mwandishi wa skripti, Eric Roth, naye akapewa Oscar ya skripti iliyotokana na kitabu. Simlaumu kwa kubadilisha, kila anayehamisha kitabu kwenda kwenye senema lazima avunje na kujenga. Ninachosema ni kwamba kifo cha Jenny ni uamuzi wa mtu mezani, na uamuzi wa mtu unakosolewa. Usiambiwe "ndivyo hadithi inavyotaka". Hadithi haina mkono wa kushika kalamu.

Kwenye kundi hilo hilo la skripti kura yangu ingekwenda kwa Darabont. Shawshank imetokana na hadithi ya Stephen King ya mwaka 1982, na ina kitu ambacho walimu wa uandishi wanatukataza kila siku: sauti ya msimulizi inayotufuata mwanzo mpaka mwisho. Gump nayo ina sauti hiyo. Ziweke mbili pamoja uone tofauti. Gump anajisimulia mwenyewe, kwa hiyo tunachojua ni alichokiona yeye. Ndani ya Shawshank anayesimulia ni Red, mfungwa mzee aliyechezwa na Morgan Freeman, na anayesimuliwa ni mwingine, Andy Dufresne. Red hajui Andy anawaza nini usiku. Sisi tunaketi na Red nje ya mlango wa moyo wa Andy tukibahatisha, na ndiyo maana asubuhi ile seli inapokutwa tupu tunashtuka pamoja naye. Huo ndio ufundi! Ukiwa na hadithi ya mtu mwenye siri, mpe rafiki yake aisimulie. Wapiga kura wakaipa Shawshank nafasi saba za uteuzi na sanamu sifuri. Kule Marekani ilitengenezwa kwa dola milioni 25 na ilipotolewa mara ya kwanza ikaingiza kama milioni 16 tu, hasara tupu. Kanda za kukodi na televisheni ndizo zilizoifufua, na kwenye orodha ya IMDb ya kura za watazamaji imekaa kileleni miaka na miaka.

Picha Bora yangu, hata hivyo, ni Pulp Fiction. Sababu yangu ni moja na ni ya kibanda. Sote tumelelewa na sheria kwamba steringi hafi. Ukiona anapigwa risasi dakika ya hamsini, ujue ile ni ya begani, atajifunga kitambaa. Tarantino kamuua Vincent Vega, aliyechezwa na John Travolta, katikati ya picha, tena chooni, kifo cha aibu. Halafu kakunja muda kama mkeka, na dakika ya mwisho Vincent anatoka mlango wa mgahawa mzima mzima, kavaa kaptula. Wewe unajua ameshakufa. Yeye hajui. Mwenziwe Jules, wa Samuel L. Jackson, ametoka kuamua kuacha kazi ya kuua, Vincent kamcheka. Mpangilio ule wengi waliuona mbwembwe, vijana wakauiga miaka kumi mfululizo bila kujua unafanya kazi gani. Kazi yake ni hiyo: tuwaone wawili wanatoka mlango mmoja, na sisi tunajua yupi atafika mbali. Uovu wa picha hii naukubali, matusi yamezidi na damu inachekewa. Bado ndiyo picha pekee kati ya tano iliyobadilisha namna watu wanavyosimulia.

Ilipewa Oscar moja, ya skripti asilia, na hiyo hata mtabiri mwenye usingizi angeitaja. Sanamu walikwenda kuchukua watu wawili, Tarantino na Roger Avary. Lakini ukisoma majina ya picha kwa makini, "imeandikwa na" ni Tarantino peke yake. Avary yupo kwenye "visa vya", ingawa kile kisa cha saa ya dhahabu kimetokana na skripti yake mwenyewe aliyokuwa nayo kabla. Alikubali kushushwa daraja kwenye karatasi. Mshikaji wangu unayeandika na rafiki yako gheto, kila mtu anatupia wazo lake, mnacheka: lini mtaongea habari ya nani anaandikwa wapi? Mkingoja mpaka kitabu kitoke, mmechelewa.

Wachezaji nipite haraka. Mwanamume: Hanks alikuwa ameshinda mwaka 1994 kwa Philadelphia, na kabla yake ni Spencer Tracy tu aliyewahi kushinda miaka miwili mfululizo kwenye tuzo hii, tena kwa filamu za 1937 na 1938. Mtu angeweza kusema hawatampa tena. Lakini chama cha wachezaji ndiyo kwanza kilianzisha tuzo zake Februari 1995, na kikampa Hanks. Wachezaji ndio wengi ndani ya Akademi, kwa hiyo mtabiri anafunga daftari. Kura yangu, Freeman. Hoja nimeshaitoa hapo juu.

Mwanamke ndipo palipokuwa patamu. Chama cha wachezaji kilimpa Jodie Foster kwa Nell, Golden Globe ya drama ikaenda kwa Jessica Lange kwa Blue Sky. Blue Sky ilipigwa picha mwaka 1990, kampuni yake ya Orion ikafilisika, filamu ikakaa kabatini mpaka 1994, na mwongozaji wake, Tony Richardson, akafariki mwaka 1991 bila kuiona ikitoka. Foster alikuwa tayari na sanamu mbili za mchezaji bora. Lange alikuwa na moja, na ile ni ya msaidizi. Wapiga kura ni binadamu, wanapenda hadithi ya kitu kilichofukiwa kikafufuka. Lange akashinda, nami nisingembishia.

Lakini mchezaji msaidizi wa kiume, hapo nina neno. Martin Landau, aliyemcheza Bela Lugosi mzee ndani ya Ed Wood, alikuwa ameshabeba karibu kila kitu njiani, na bahasha ikamtaja yeye. Alistahili, sina ugomvi. Ugomvi wangu ni jina la kundi. Samuel L. Jackson alikuwa msaidizi wa nani? Ndani ya Pulp Fiction yeye na Travolta wanatembea sambamba, na maneno mazito zaidi, yale ya mwisho mgahawani, ni yake. Travolta akawekwa kwa wakubwa, Jackson kwa wasaidizi. Huo ni ujanja wa kampeni, wanagawana makundi ili wasipigane wenyewe kwa wenyewe. Mmoja mweupe, mmoja mweusi, na mweusi ndiye anayeteremshwa. Utanisamehe kama nakumbuka Bubba tena. Jackson alipewa Oscar ya heshima mwaka 2022, ile ya kushindaniwa hajawahi.

Na wasiokuwemo kabisa? Wawili wananiuma. Wa kwanza ni Hoop Dreams, filamu ya kweli ya Steve James kuhusu vijana wawili weusi wa Chicago, William Gates na Arthur Agee, wanaoota kucheza mpira wa kikapu wa kulipwa. Watengenezaji waliwafuata miaka mitano hivi, picha ina karibu saa tatu, na hakuna hata dakika ya kuongopa. Wakosoaji waliipigia debe mpaka wengine wakataka iingie kwenye Picha Bora. Kamati ya filamu za kweli haikuiteua hata kwenye kundi lake! Ikaambulia uteuzi wa uhariri peke yake, nako ikapigwa na Gump. Zikavuma habari kwamba wanakamati walikuwa wanawasha tochi gizani kila aliyechoka, tochi zikitosha filamu inazimwa, na kwamba hii ilizimwa mapema sana. Makelele yalikuwa makubwa hata utaratibu wa kamati ukabadilishwa baadaye. Ya pili ni ile Three Colours: Red. Uswisi iliipeleka kwenye kundi la lugha za kigeni, Akademi ikasema si ya Uswisi kiasi cha kutosha, ikakataliwa. Hapo hapo wakamteua Kieślowski kwa uongozaji, kwa skripti na mpigapicha wake naye akateuliwa. Yaani mtu umemkatalia mlangoni, halafu umemkuta sebuleni, ukamkaribisha chai.

Sasa njooni huku kwetu. Kundi la wimbo bora mwaka ule lilikuwa na nyimbo tano, tatu kati yake za The Lion King: Circle of Life, Can You Feel the Love Tonight, na Hakuna Matata. Ndiyo, maneno mawili ya Kiswahili yaliteuliwa Oscar! Siku hizi isingewezekana zote tatu, maana tangu 2008 picha moja hairuhusiwi zaidi ya nyimbo mbili. Mtabiri angehofia kura kugawanyika, lakini wimbo wa mapenzi ndio uliokuwa unapigwa redioni, na wapiga kura nao wana redio. Ukashinda ule wa mapenzi.

Kura yangu ingekwenda kwa Circle of Life, kwa sababu ya ile sauti inayopasuka mwanzoni jua likichomoza. Wengi mtaani walidhani ni Kiswahili. Ni Kizulu, na ni sauti ya Lebo M wa Afrika Kusini. Soma sasa karatasi ya uteuzi: Elton John na Tim Rice, basi. Muziki wa picha ukampa Hans Zimmer sanamu yake, peke yake. Hiyo sauti iliyomfanya kila mtoto duniani asimame wima kwenye kiti haina mstari wake.

Na Kiswahili je? Kilitoa Simba, Rafiki, Pumbaa na Shenzi (huyo jina lake sijui walimuuliza nani). Neno "hakuna matata" lenyewe watalii walishalizoea tangu Them Mushrooms wa Kenya watoe Jambo Bwana mwaka 1982. Huku Dar mtu akikwambia hakuna matata unajua ametoka hotelini, sisi tunasema hamna shida, au hamna noma. Lakini kampuni ya Disney ililiombea alama ya biashara kule Marekani mwaka 1994, kwa ajili ya mavazi, ikasajiliwa mwaka 2003, na kelele za kupinga zikalipuka mwaka 2018. Wanasheria wakaeleza kwamba alama hiyo haimzuii mtu kulitamka. Ahsanteni sana. Mimi kilichonikera ni kingine: miaka yote hiyo tulikuwa tunaona fahari kusikia lugha yetu kwenye picha ile, na hatukuwahi kuuliza nani mwenye Kiswahili alikaa kwenye meza iliyoandika maneno yale.

Mzungu naye haponi ukimwacha bila kusoma karatasi. Winston Groom, yule wa riwaya ya Gump, aliuza haki za kitabu kwa malipo ya awali pamoja na ahadi ya asilimia 3 ya faida halisi. Weka mkono kwenye hilo neno "halisi". Picha iliingiza zaidi ya dola milioni 670 duniani. Groom alipouliza fungu lake akaambiwa kwamba kwa hesabu za studio, picha bado haijapata faida. Hanks na Zemeckis hawakupata shida hiyo, wao walikatiwa kwenye mapato ya juu kabla gharama hazijaanza kutolewa. Ikabidi Groom atafute mwanasheria, na baadaye wakapatana.

Usiku ule wa tarehe 27 Machi, Gump ikipanda jukwaani mara sita, washindi wakuu waliwashukuru watu wengi. Jina la Groom halikutajwa. Mwaka huo huo wa 1995 akatoa kitabu cha pili, Gump & Co. Filamu yake haijatengenezwa mpaka leo.